Kutu Mlangoni: Uchambuzi wa Fomu Iliyopotea Kila Simu Ilipolazwa

Kisa hiki kilitokea katika yadi moja ya makontena upande wa bara wa Mombasa, kwenye ukanda ule wa Changamwe, Jomvu na Miritini ambako malori hulala foleni. Jina la yadi na ya makarani nimeyaacha, na mambo mawili matatu yasiyobadili maana nimeyageuza. Mimi nilikuwa mmoja wa watu 3 walioandika programu inayozungumziwa, ya kukagulia makontena kwa simu, kwa hiyo lawama nyingi humu ndani ni zangu.

Usuli

Kontena likifika yadini kutoka Kilindini, karani hulizunguka kabla halijapangwa. Ataandika namba yake, namba ya sili (lakiri inayofungia mlango), kama limebonyea au limetoboka, atapiga picha, kisha dereva wa lori atatia sahihi. Ripoti hiyo ndiyo kinga ya yadi. Siku mwenye mzigo akija juu kwamba bati lilitobolewa humo ndani, msimamizi hufungua ripoti ya kuingia na kumwonyesha tundu lilivyokuja nalo.

Kazi hiyo ilikuwa ya kalamu na kaboni. Tuliombwa kuihamishia kwenye simu za Android, zile za bei ya chini zenye RAM ya GB 2, kwa sababu simu yadini huanguka na nyingine hukanyagwa.

Kila wakala wa meli alitaka fomu yake. Mmoja anataka hali ya sakafu, mwingine anataka namba za sili mbili. Basi hatukuchora fomu kwa mkono. Seva ilituma orodha ya vipengele, simu ikaihifadhi, na programu ikajenga safu moja baada ya nyingine kutoka kwenye kiolezo kimoja: jina la kipengele juu, kisanduku cha kuandikia chini. Wakala mpya akija, hakuna programu mpya ya kusambaza. Tulilionea fahari sana jambo hilo.

Aliyeandika sehemu hiyo alikuwa mtu wa iPhone kwa miaka. Kule, ukilaza simu, ukurasa ulioko mbele yako hupangwa upya tu. Android kwa desturi yake huuvunja ukurasa mzima, ile Activity, na kuujenga tena tangu msingi, ili uweze kuchukua mpangilio wa mlalo kama upo. Kubadili lugha ya simu au ukubwa wa maandishi huleta mvunjo huo huo. Si ukorofi. Kabla ya kuvunja, Android hupita kwa kila kisanduku ikiuliza kina nini, hufunga majibu kwenye furushi, na ukurasa mpya ukisimama humrudishia kila mmoja chake. Vinatambulikana kwa vitambulisho vyao. Neno hilo tutalirudia.

Majaribio tuliyafanya getini, chini ya paa, wakati wa mvua za vuli. Hakuna aliyelalamika.

Malalamiko

Kaskazi ilipoanza, na lile jua lake la Desemba, simu zikaanza kupigwa. "Fomu inajifuta." Makarani watatu, wanne, neno lile lile. Tukajaribu ofisini, haijifuti. Tukaomba picha ya skrini, ikaja picha ya fomu tupu, ambayo haisemi lolote.

Karani mmoja, mtu mzima, yeye alisema jambo lingine kabisa: kwamba haimfutii, inamwandikia. Inamwandikia "kutu" kila mahali. Tulicheka. Mmoja wetu aliandika kwenye daftari la hitilafu: "huenda amenakili na kubandika kimakosa." Naikumbuka sentensi hiyo kwa sababu mwandishi wake ni mimi.

Jingine la kukiri mapema: sote 3 tulikuwa tumezima kuzunguka kwa skrini kwenye simu zetu. Nani anataka skrini igeuke akiwa amejilaza kitandani? Makarani walikuwa wameiwasha, maana mapumziko ya mchana ni ya kutazama mabao, na mabao hutazamwa simu ikiwa imelala.

Siku ya yadi

Nilikwenda. Saa sita na nusu mchana, changarawe nyeupe, bati la kontena ukiligusa unarudisha mkono. Nikamfuata yule mtu mzima.

Alisimama mbele ya kontena, akaandika herufi 4 na tarakimu 7 za namba yake, akaandika sili. Akashuka hadi kisanduku cha mwisho, cha maoni, akaandika "kutu mlangoni". Kisha jua likampiga kiooni. Akafanya kile ambacho yeyote angefanya: akaigeuza simu ubavu, akaikinga kwa kofia, akaangalia.

"Haya, njoo uone, mwanangu. Nimewaambia tangu juma lililopita, hamsikizi."

Namba ya kontena: kutu mlangoni. Namba ya sili: kutu mlangoni. Hali ya paa: kutu mlangoni. Fomu nzima, juu hadi chini.

"Ami, hebu isimamishe tena."

Akaisimamisha. Kutu mlangoni.

"Sasa wafanyaje?"

"Naandika upya. Namba ya kontena yakataa mpaka niiandike sawa. Hizi nyingine hazikatai." Akatoa mfukoni kipande cha katoni kilichojaa namba kwa kalamu. Huandika pale kwanza, ndipo aingize kwenye simu.

Maneno yake hayo, kwamba nyingine hazikatai, ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Tarakimu ya mwisho ya namba ya kontena ni ya ukaguzi. Chini ya kiwango cha ISO 6346 hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, na programu yetu ilikuwa inaihesabu. Upuuzi wowote ulioingia pale ulirudishwa. Namba ya sili haina kinga hiyo. Jioni nilipekua hifadhidata na kukuta ripoti ambazo zimeshapokelewa, zina namba sahihi ya kontena, na mahali pa sili pameandikwa maoni. Sili ndiyo ithibati kwamba mlango haukufunguliwa njiani. Ripoti isiyo na sili haimkingi mtu.

Uamuzi wa kwanza: kufunga skrini

Ilikuwa Ijumaa, na kulikuwa na meli inashusha usiku huo. Tulifunga skrini wima, mstari mmoja tu kwenye faili la maelezo ya programu, tukatuma toleo jipya kabla ya magharibi.

Kwa saa zile nautetea uamuzi huo hata leo. Usiobeba utetezi ni wa Jumatatu: tuliiandika hitilafu kuwa "imetatuliwa" tukaenda zetu. Hatukujiuliza kwa nini ni kutu, na kwa nini kila mahali. Tulipata jibu la lini inatokea, tukaliridhia kama jibu la kwa nini.

Msimamizi ndiye aliyetukumbusha kwanza. Tableti yake imekaa kwenye kishikizo mezani, imelala, na programu sasa ilimtokea imesimama ubavuni mwake. Alitupigia akiwa, nadhani, ameinamisha shingo.

Wiki ya pili malalamiko yakarejea: fomu inajifuta baada ya kupiga picha. Skrini haigeuki tena, lakini fomu inajifuta.

Uamuzi wa pili, uliokufa mchangani

Mwenzetu mmoja alipendekeza tuuambie mfumo kwamba mzunguko tutausimamia wenyewe, usituvunjie ukurasa. Hilo linawezekana: unataja orientation, yaani mwelekeo wa skrini, kwenye configChanges, orodha ya mabadiliko ambayo programu itajisimamia. Alijaribu, ukurasa ukaendelea kuvunjwa. Saa mbili baadaye akagundua kwamba tangu Android 3.2 ukubwa wa skrini nao huhesabiwa kuwa umebadilika simu ikilala, kwa hiyo sharti utaje na screenSize. Akataja, ikatii.

Tuliiacha njia hiyo kwa sababu moja iliyotosha. Kosa la kamera halikuwa na mzunguko wowote ndani yake. Karani akibonyeza "piga picha", programu ya kamera ya simu hufunguka na yetu hubaki nyuma. Kamera ina njaa ya kumbukumbu, na GB 2 hazitoshi wawili. Mfumo huua mchakato wetu, yaani programu yetu iliyo hai kule nyuma, kimyakimya, kisha karani akirudi huujenga ukurasa upya kwa lile lile furushi. Kuzuia kuvunjwa kwa mzunguko hakuzuii kifo hicho.

Hapo ndipo tulipokaa chini.

Chanzo

Ilichukua dakika kumi mara tulipoacha kuangalia mzunguko na kuanza kuangalia furushi. Kila safu ya fomu ilitoka kwenye kiolezo kimoja. Ndani ya kiolezo kisanduku kina kitambulisho. Ukikinakili kiolezo mara 20 unapata visanduku 20 vyenye kitambulisho kimoja.

Android inapofunga furushi hupita juu kwenda chini: kisanduku cha kwanza kinaweka chake, cha pili kinaweka juu yake kwa jina lile lile, cha tatu vivyo hivyo. Wa mwisho ndiye anayebaki. Wakati wa kurudisha, visanduku vyote 20 huitikia jina hilo, vyote hupewa jibu la wa mwisho. Ni kama kuita "Mohamed" katika baraza la Mji wa Kale na kumpa zawadi kila anayegeuka.

Wa mwisho kwetu ni maoni. Wengi hawaandiki maoni, kwa hiyo wote hupewa utupu: "inajifuta." Yule mtu mzima ni mwangalifu, huandika maoni kila mara: "inaniandikia." Taarifa mbili tulizoziona zinapingana zilikuwa hitilafu moja, na ile tuliyoicheka ndiyo pekee iliyokuwa na ufunguo ndani yake. Hii pia ilieleza kwa nini ukurasa wa kuingilia haukuwahi kupoteza kitu. Ule tuliuchora kwa mkono, kila kisanduku na jina lake.

Uamuzi wa tatu

Tungeweza kumpa kila kisanduku jina lake na kulala. Furushi lingefanya kazi. Lakini fomu yetu ilikuwa na picha, na kazi ya nusu saa, na simu zinazozimika betri, na furushi halikuumbwa kwa hayo. Tukakubaliana kwamba kisanduku kisiwe mwenye data, kiwe dirisha tu la kuitazamia.

Yaliyomo kwenye fomu yalihamia katika ViewModel, ghala la data la Android lililo nje ya ukurasa, ambayo huvuka mvunjo wa mzunguko bila kuguswa. Ila haivuki kifo cha mchakato, na watu wengi hujikwaa hapo. Kwa hiyo nyuma yake tukaweka rasimu kwenye hifadhidata ya simu kwa kutumia Room, maktaba ya Android ya hifadhidata: karani akiacha kuandika kwa nusu sekunde, kipengele kinaandikwa. Visanduku vyenyewe tukavizima visijihifadhi, ili pasiwe na wasimulizi wawili wa kisa kimoja. Kwenye furushi kikabaki kitu kimoja kidogo, namba ya rasimu iliyo wazi.

Picha zilitutia adabu. Toleo la kwanza la marekebisho liliweka picha ndogo ndani ya furushi. Programu ikaanguka kila ikienda nyuma. Furushi hupitia njia yenye nafasi ya takriban MB 1, na nafasi hiyo inagawanywa na shughuli zote za programu zinazopita wakati huo. Ukizidisha, tangu Android 7.0 unaangushwa. Tulipaswa kulijua. Sasa picha ni faili, rasimu inashika njia ya faili tu, na njia hiyo inaandikwa kabla kamera haijafunguliwa. Ikiandikwa baada ya kurudi, mchakato ukifa katikati picha inabaki yatima.

Katika kupekua tulikuta la pili. Baadhi ya makontena yalikuwa na ripoti mbili, dakika moja katikati. Karani alibonyeza "tuma", simu ikalala mkononi, ukurasa ukavunjwa pamoja na kile kilichokuwa kikisubiri jibu la seva. Ripoti imefika, lakini ukurasa mpya haujui, unaonyesha kitufe tena. Naye anabonyeza tena, kwani afanyeje? Utumaji tukaukabidhi kwa WorkManager, msimamizi wa kazi za nyuma wa Android, usiotegemea ukurasa wowote kuwa hai, na kila fomu ikapewa kitambulisho chake tangu inapofunguliwa. Seva ikikiona mara ya pili hujibu "nimeshaipata" bila kuandika upya.

Kisha tukafungua skrini.

Matokeo

Malalamiko ya kujifuta yalikoma. Ripoti mbilimbili nazo. Kwa zile zilizokuwa na maoni mahali pa sili, yadi ilikaa siku mbili ikilinganisha na karatasi za getini. Chache hazikupata karatasi, zikabaki na alama nyekundu.

Tulizua letu jipya. Rasimu ikiwa haifi, haifi kweli: karani mmoja aliacha fomu nusu jioni, asubuhi akafungua, akadhani ni mpya, akabadili namba na kutuma. Ripoti ikaenda na picha za kontena la jana. Sasa programu huuliza kwanza, na kuonyesha namba ya zamani kwa herufi kubwa: endelea na hii, au anza nyingine?

Yule mtu mzima bado anaandika kwenye katoni. Nilimwuliza kwa nini, ilhali haipotezi tena. "Na betri je?" akasema, akaendelea kuandika.

Uchambuzi

Kwenda yadini kulifanya kazi kuliko chochote tulichofanya kwenye kompyuta. Hakuna simulizi ya simu ingetufundisha kwamba mtu huilaza simu kukimbia jua, wala kwamba mzunguko hutokea katikati ya kuandika, si kabla. Tulijaribu getini kivulini, kwa vidole vyetu, kwa fomu ya vipengele 4. Majaribio yale hayakuwa na makosa, yalikuwa mahali pasipo na tatizo.

Kufunga skrini ndiko ninakogombania na wenzangu mpaka leo. Mmoja anasema kulikuwa kosa tangu mwanzo. Mimi nasema kulikuwa bandeji halali kwa usiku ule, na kosa ni kuiita dawa. Kinachopunguza ubishi ni kwamba bandeji yenyewe inaisha nguvu. Programu inayolengwa kwa Android 16, kwenye skrini ambayo upande wake mfupi unafika dp 600 (dp ni kipimo cha Android cha ukubwa wa skrini), mfumo haujali tena kufuli hilo. Tableti ya msimamizi imo humo. Aliyejenga nyumba yake juu ya mstari mmoja wa kufunga wima atavunjiwa siku atakapopandisha toleo.

Lililonichoma zaidi si la kiufundi. Tulipokea taarifa mbili, moja ya wengi na moja ya mtu mmoja, tukaamini ya wengi kwa sababu ilikuwa rahisi kuifikiria. "Inajifuta" haielezi kitu, inaweza kuwa sababu ishirini. "Inaniandikia neno la mwisho kila mahali" karibu inakutajia mstari wa msimbo. Kama ningemwuliza swali moja tu, neno hilo uliliandika wapi, tungeokoa wiki tatu. Sasa daftari letu la hitilafu lina nafasi ya maneno ya mlalamikaji kama alivyoyatamka, na hatuna ruhusa ya kuyasahihisha.

Kwa upande wa majaribio tulibadili mambo mawili yasiyo na gharama. Simu zetu za kazi zimewashwa mzunguko, hata tukiudhika. Na ile swichi iliyo kwenye mipangilio ya watengenezaji, inayovunja kila ukurasa mara unapouacha, huwa imewashwa kila Jumatano. Kifo cha mchakato chenyewe tunakiiga kwa kuirudisha programu nyuma na kuiua kutoka kwenye kompyuta kwa amri ya am kill, kisha tunaifungua tena na kuangalia karani angekuta nini.

Kuna moja halijaisha. Sahihi ya dereva tuliihifadhi kama nukta zenye umbali wa piksel kutoka kona ya kioo. Simu ikigeuka, upana unakuwa urefu na sahihi inatoka nje ya kisanduku chake. Dawa inajulikana: kila nukta ihifadhiwe kama sehemu ya upana na urefu wa kisanduku, na kisanduku chenyewe kibaki na umbo lile lile simu ikisimama au ikilala. Hatujaifanya. Tumeufunga ukurasa huo mmoja, safari hii mlalo, kwa sababu madereva hupenda nafasi ya kutosha ya kutia sahihi. Kazi ya kuufungua iko kwenye orodha ya wiki ijayo, na ni mwezi wa pili sasa ikiwa ya wiki ijayo.